Bloku Aliyoipata Mke Wangu Kabla Sijamwoa

Mtaa mzima ulijua nimeoa kabla mimi mwenyewe sijajibiwa. Kosa lilikuwa langu na silijutii hata chembe, ila lazima nianze nyuma kidogo, usije ukadhani mimi ni mwongo wa kuzaliwa.

Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliachia darasa la sita, siku baba aliponipa bisibisi badala ya daftari, na tangu hapo nimefungua majokofu mengi kuliko vitabu. Wananiita Fundi Baridi. Nina miaka arobaini na tisa, goti moja bovu, na kibanda cha kazi chenye mlango wa bati. Nyuma ya kibanda kuna chumba, na ndani yake mashine mbili za kuchimba sarafu za mtandaoni zinanguruma kutwa kucha. Si ile sarafu kubwa inayotajwa kwenye taarifa ya habari. Ni ndogo yake, ya watu wa saizi yetu.

Uchimbaji huu hauna jembe wala shimo. Mashine inakisia namba, mamilioni kwa mamilioni, bila kupumzika. Malipo ya watu wanaotumia sarafu ile yanaandikwa kwenye kurasa, kila ukurasa unaitwa bloku, na mashine itakayopatia namba ya kufunga ukurasa inazawadiwa sarafu mpya. Mashine ya mtu mmoja peke yake inaweza kukisia miaka mitano isiambulie kitu. Ndiyo maana tuko kundi, watu kumi na mmoja wenye mashine ishirini na mbili, na mmoja wetu akipata, tunagawana wote. Kiongozi wetu ni fundi wa simu tunayemwita Mhandisi, ingawa cheti chake cha uhandisi hajawahi kukiona mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

Basi nikampenda mwokaji wa mtaa wa pili.

Ni mjane, ana duka la mikate lenye tanuri kubwa, na anatembea kati ya meza na tanuri kama mtu anayejua dunia ingesimama akikaa. Nilikwenda kutengeneza jokofu lake la siagi. Jokofu liliharibika mara moja, mimi nikalitengeneza mara nne. Mara ya nne alinitazama huku nikifungua skrubu nzima kabisa, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia. Sijui kuzunguka, nilisema nataka kumuoa.

Hakucheka wala hakukasirika. Aliniuliza pesa zangu zinatoka wapi. Nikasema majokofu. Akauliza, na kile chumba chenye kelele? Nikamwambia. Hapo uso wake ukajifunga kama duka siku ya mkaguzi. Akanisimulia kwamba marehemu mume wake aliwahi kuchukua akiba yao yote akampa jamaa mmoja wa suti, aliyeahidi kwamba pesa zitazaa. Jamaa alipoulizwa zinazaaje, alisema hayo ni mambo ya kitaalamu. Pesa hazikuzaa. Zilihama naye.

“Nieleze mnavyogawana,” aliniambia. “Nielewe mimi, na mama aelewe. Ukishindwa, Fundi, tubaki mteja na mwenye duka.”

Nikatoka pale nikidhani nimeshaoa. Kazi ya kueleza tu. Mimi ambaye nimewahi kumweleza padri jinsi gesi inavyozunguka kwenye jokofu mpaka akaomba maji.

Nilirudi Jumamosi mchana na karatasi na penseli. Mama yake ana miaka sabini na miwili na hukaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, funguo za droo ya pesa shingoni, simu ya duka mapajani. Nikachora mashine, nikachora ukurasa, nikachora mishale. Mama alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akaniuliza, mwanangu, hizo mashine zinakisia? Nikasema ndiyo, mama, zinakisia. Zikipatia mnalipwa? Tunalipwa. Zisipopatia? Hatulipwi. Akamgeukia binti yake akasema hii ni kamari, tena ya umeme. Nilikunja karatasi yangu nikanunua mkate ambao sikuuhitaji.

Mara ya pili nilikwenda na msaada, na msaada wenyewe ulikuwa Kinyozi. Kinyozi ni mdogo wake mwokaji, mtoto wa mwisho wa mama yule, na ni mwanachama wa kundi letu. Nilidhani damu itasaidia. Akaanza vizuri kabisa. Alisema kila mashine, wakati inakisia, hukutana na namba ambazo zimekaribia kidogo ile inayotafutwa, na kila inayokaribia tunaiita kipande. Vipande vinatumwa kwa Mhandisi, vinahesabiwa, na bloku ikipatikana kila mtu analipwa kwa vipande vyake. Mama akaanza kutikisa kichwa kwa kuelewa. Mimi jasho likaanza kukauka.

Hapo Kinyozi akanogewa. Akasema zamani mgawo ulikuwa mwingine, na yeye alikuwa ameugundua mlango wa nyuma: anaingia kundini siku za mwanzo baada ya bloku kupatikana, vipande vikianza kurundikana anakimbilia kundi jingine, kisha anarudi tena, na kwa ujanja huo alikuwa akila kuliko wenzake wote mpaka walipobadilisha sheria. Alisimulia kwa fahari. Mama yake akanigeukia mimi.

“Kwa hiyo hicho ndicho chama,” alisema. “Mwanangu alikuwa anawaibia, na wewe ulikuwa unaibiwa. Na unataka nikupe binti.”

Tuliondoka bila mkate.

Wiki iliyofuata ikaja mvua ya baridi, ile inayoingia hadi kwenye soksi. Jumatano asubuhi nilipita dukani kwa kisingizio cha jokofu nikamkuta mwokaji amesimama mbele ya trei zake kama mtu aliyefiwa. Unga hauumuki. Hospitali ilikuwa imeagiza mikate mia mbili kila siku, kuanzia kesho yake, na donge limelala kwenye trei kama jiwe la kusugulia miguu. Tanuri lenyewe lilikuwa la moto sana kuweka donge karibu yake. Ukilisogeza huku linaiva upande, ukilirudisha kule linalala.

Nikamwambia anipe muda wa saa tatu.

Nilikuwa na jokofu refu bovu, mota imekufa lakini milango inafunga vizuri. Nikalitoa matumbo yote. Nikatoboa chini, nikaweka mashine yangu moja ya kuchimba ndani ya sanduku la bati, nikaunganisha bomba ili pumzi yake ya moto ipande ndani, nikatoboa juu ili itoke, nikaweka kipimajoto mlangoni na kijifuniko cha kufungua na kufunga. Kabati la kuumulia unga. Maisha yangu yote nimelipwa kuyafanya majokofu yawe baridi, na lile nililifanya lipashe moto. Tulilibeba mimi na wapagazi wawili, mvua ikitupiga, nami naimba.

Saa moja baada ya kuliwasha, donge lilikuwa limevimba mpaka linaomba nafasi. Mwokaji alilibonyeza kwa kidole, likarudi. Akalibonyeza tena. Kisha akanitazama akatabasamu, meno yote, na kunimiminia chai kwa mkono wake. Umeme unaoliwa na mashine ungeliwa na hita vilevile, nilimwambia, tofauti ni kwamba hita haichimbi. Alikuwa anabonyeza donge.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Mashine ukiihamishia kwenye intaneti nyingine inataka uiandikie jina upya. Za kwangu zilikuwa Baridi Moja na Baridi Mbili. Nilikuwa na chai mkononi, tabasamu lile kichwani, na kidole kikawa mbele ya akili. Nikaandika: Mke Wangu.

Nilijiambia nani atasoma. Nilisahau kwamba watu kumi na mmoja huisoma orodha ile ya kundi kuliko wanavyosoma ujumbe wa wake zao. Kabla chai haijapoa simu yangu ilikuwa imejaa. Mashine mpya? Mke gani? Umeoa lini na pilau tumenyimwa? Kinyozi alinipigia kabisa. Nikamwambia ni jina la mashine tu, na nikamwapisha asiseme. Akaapa. Lakini kinyozi anashika vichwa vya watu tangu asubuhi hadi jioni, na kichwa kilichoshikwa kinataka habari.

Alhamisi mwenye duka la vipuri alinipa mkono akasema hongera. Hapo ndipo ningesema hapana, bwana, umekosea. Nilisema asante. Nilisema asante kwa muuza mkaa, kwa mlinzi wa benki, kwa mama mmoja ambaye hata simjui. Nilisema asante mara saba siku ile, na kila mara ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya jokofu la muuza maziwa, simu ikalia ule mlio ambao Mhandisi ameuweka kwa jambo moja tu. Tulikuwa tumekaa siku ishirini na sita bila kitu. Nikajitoa chini, nikagonga kichwa, nikasoma. Bloku imepatikana. Aliyeipata: Mke Wangu.

Nilimkumbatia muuza maziwa. Nililikumbatia jokofu lake. Nilikuwa nacheza kwenye goti bovu simu ilipolia tena, na safari hii alikuwa Kinyozi, anahema. Aliniambia kwamba furaha ilimzidi, amemwacha mteja na ndevu upande mmoja, amekimbia hadi dukani kwa dada yake, na mbele ya foleni ya watu amesema dada, hongera, umepata bloku. Dada ameuliza bloku gani. Yeye akamwonyesha simu.

“Shemeji, njoo,” alisema. “Dada ameshika mti wa kusukumia unga. Hasukumi.”

Nilikimbia. Ungeniona ungedhani nafukuzwa, na goti langu likawa linapiga kelele zake, lakini tumbo langu lilikuwa linacheka tu, lile cheko la hofu ambalo huwezi kulizuia. Nilijua kabisa mwanamke yule atanifukuza leo, mchana kweupe, na sikuweza kuacha kutabasamu.

Nilimkuta kasimama katikati ya duka, unga hadi kwenye viwiko. Mama kwenye kigoda. Wateja sita hivi, na hakuna aliyekuwa na haraka tena. Yule wa ndevu upande mmoja naye alikuwepo, na taulo lake shingoni.

“Mke wako ni nani?” mwokaji aliniuliza.

Nikanyoosha kidole kwenye kabati la kuumulia.

“Mke wako ni jokofu.”

“Kwa sasa, ndiyo.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka, ila nililiona shavu moja likihangaika. Akaniuliza kama ni kweli mashine ile ndiyo iliyopata, humu dukani kwake, kwa umeme wake, na nikakubali yote. Akaniuliza kama mashine nyingine ishirini na moja zilipata chochote. Nikasema hapana, ile tu.

“Basi nieleze kwa nini huyu anarukaruka kama ni yake,” akasema, akimwelekezea Kinyozi ule mti. “Mmoja amepata, kumi na mmoja wanakula. Na hii ndiyo mara yako ya mwisho kunieleza, Fundi.”

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na mishale. Nilitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, na macho yangu yakaangukia kwa mama, na ile simu mapajani mwake.

Nikamuuliza mama, kwa heshima, agizo la hospitali liliingiaje. Akasema lilikuja kwa simu, Jumanne iliyopita. Nani alipokea? Akasema yeye, nani mwingine, simu anakaa nayo yeye. Nikamuuliza, na pesa ya hospitali, mama, ulichukua yote?

“Kwa nini nichukue yote?” alisema. “Mimi nilikuwa nimekaa tu, simu ikalia.”

“Basi, mama. Hata Mke Wangu alikuwa amekaa tu, simu ikalia.”

Mwokaji aliteremsha ule mti kidogo. Nikaona nimeshika uzi, nikauvuta kabla haujakatika. Nikamuuliza mwokaji, wanawake wanne wanaomkandia unga kule nyuma anawalipa vipi. Akasema kwa trei, kila mmoja kwa trei alizokanda. Hata yule ambaye trei yake hospitali haikuigusa? Akasema ndiyo, kwa sababu hospitali haikupiga simu kwa ajili ya trei ya mtu mmoja. Ilipiga kwa sababu hapa mikate ipo kila siku.

“Trei ndiyo kipande,” nikasema. “Hakuna kingine nilichokuwa nahangaika kuwaambia.”

Mama hakuniachia hapo. Aliinama mbele, funguo zikalia kifuani. Akauliza, na mtu asiyekanda akasema amekanda? Nikamwambia atamuuliza trei iko wapi. Namba iliyokaribia haipatikani kwa maneno. Lazima mashine ikisie kweli, na Mhandisi anaikagua kwa kufumba na kufumbua. Akauliza, na Mhandisi anakula nini? Nikasema katika kila mia anachukua moja, kwa kuhesabu na kuweka kompyuta yake macho. Mama akasema huyo ndiye mwenye akili peke yake katika kundi lenu.

Kisha akamkazia macho mwanawe wa mwisho, akauliza, na huyu? Aliibaje?

Nikasema zamani tulihesabu trei zote tangu agizo lililopita. Agizo likiwahi kuja, trei ni chache, kila trei inalipa vizuri. Likichelewa, trei zinarundikana, kila moja inalipa kidogo. Mjanja alikuwa anakuja siku mbili za mwanzo, kisha anakwenda kukanda duka jingine lililoanza upya, na sisi wengine tunabaki na rundo. Sasa hatujali mwanzo ulikuwa lini. Simu ikilia tunageuka nyuma, tunahesabu vipande elfu hamsini vya mwisho, kama siku tatu za kazi yetu wote, basi. Uliyekuwa unakanda siku hizo unalipwa. Ukiondoka, vipande vyako vinasukumwa nyuma na vya wenzako mpaka vinatoka mlangoni. Hakuna tena faida ya kukimbiakimbia.

“Kwa hiyo Mke Wako amekaa hapa tangu Jumatano,” mwokaji alisema polepole, “na vipande vyake vyote vimo.”

“Vyote. Na vya mashine yangu nyingine. Na vya ndugu yako, maana siku hizi ametulia.”

“Na ile bahati ya kupata, haina malipo yake.”

“Haina. Kesho itamwangukia mwingine, na wewe utakula.”

Mwenye ndevu upande mmoja alisema hata yeye ameelewa, na kama kuna nafasi ya mwanachama wa kumi na mbili. Mama alijiegemeza nyuma kwenye kigoda chake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu, kwamba bado kuna kukisia humo ndani na yeye hapendi kukisia, lakini mgawo ni wa haki kuliko wa watoto wake walipokuwa wadogo.

Mwokaji alikwenda kwenye kabati, akafungua mlango, joto likampiga usoni, akabonyeza donge kwa kidole. Likarudi. Akafunga mlango.

“Futa hilo jina,” akaniambia.

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye goti bovu. Nikatoa simu. Nikafungua ile orodha. Nikafuta herufi moja. Nikaomba radhi mbele ya watu wote, nikasema nilinogewa, halikuwa jina langu la kuandika. Nikazifuta nyingine zote mpaka nafasi ikabaki tupu.

“Sasa andika Mwokaji,” alisema. “Unga ni wangu, umeme ni wangu, joto ni langu. Vipande vya mashine hii vihesabiwe kwa jina langu, na nilipwe mimi, kama Kinyozi, kama wewe. Mambo ya mke wako ni ya nyumbani. Kwenye kundi mimi ni mwanachama.”

Niliandika. Nilikuwa nimefika kwenye herufi ya mwisho lile neno lake, nyumbani, lilipoingia kichwani mwangu, kama maji yanavyoingia kwenye soksi. Nikainua uso. Alikuwa ameshanyoosha mkono, mweupe kwa unga, anaitaka simu.

Nikampa. Aliitazama orodha, akashuka nayo kwa kidole kimoja, mashine moja moja, mpaka akaikuta ile yangu iliyobaki kule kibandani, Baridi Moja. Akalifuta jina hilo. Akaandika polepole, akiacha alama ya unga kwenye kila herufi, na mama yake akiwa amenyoosha shingo kama twiga ili asome. Akabonyeza, akanirudishia simu, akawageukia wateja akauliza nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu. Kwenye orodha ya kundi, mbele ya watu kumi na mmoja, mashine yangu ilikuwa inachimba kwa jina jipya: Mume wa Mwokaji.

Kinyozi alisoma kwenye simu yake, akasoma tena, akapiga mluzi. Akaniuliza, shemeji, safari hii je, nayo ni siri?

Nikamwambia aende akammalizie mtu ndevu zake, na njiani amwambie yeyote atakayemkuta.